Goma, Julai 1994: kipindupindu juu ya mawe ya volkano

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994, watu wasiopungua laki tano, na kwa makadirio mengine hadi laki nane, walivuka kutoka Gisenyi, Rwanda, wakaingia Goma, Zaire ya wakati huo. Hawakuwa raia peke yao. Jeshi la serikali iliyoshindwa, FAR, lilivuka nao, na wanamgambo wa Interahamwe waliotoka kuwaua Watutsi walikuwamo humohumo. Mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu alithibitishwa tarehe 20. Kufikia katikati ya Agosti, maiti zilizookotwa barabarani na kambini zilikuwa zimepita 48,000.

Kipindupindu hakina haja ya kuua watu namna hiyo. Mgonjwa akirudishiwa maji mwilini mapema, wanaokufa hawafiki mmoja katika 100. Kwa hiyo anayetaka kuielewa Goma asianze na kimelea. Aulize maji yalitoka wapi, yalimfikia nani, na saa ngapi.

Ardhi isiyochimbika

Goma na kambi zake zimekaa juu ya lava ya volkano, nyeusi, ngumu, yenye ncha kama vipande vya chupa. Katika kambi ya kawaida, familia nne zikipewa jembe na sururu zinamaliza shimo la choo la mita mbili kwa siku moja au mbili. Katika kambi za Mugunga na Kibumba sururu iligonga mwamba baada ya sentimita chache. Pale unahitaji kompresa au baruti.

Kipimo cha dharura ni tundu moja la choo kwa watu 50, kisha unashuka hadi watu 20 kwa tundu hali ikitulia. Kambi ya watu 150,000 inahitaji matundu 3,000 ya haraka. Hakuna aliyeweza kuyatoboa kwa wiki moja kwenye lava. Kuna njia za kuzunguka tatizo hili. Moja ni choo cha kuinuliwa: unajenga jukwaa la mbao au kifusi, unaweka pipa au sanduku chini yake, unalitoa likijaa. Kinafanya kazi, ila kinataka gari la kunyonya, mahali pa kumwaga na watu wa kulipwa kila siku. Siku gari likikosa mafuta, vyoo vyote vinafurika pamoja. Nyingine ni kutumia nyufa za lava zilizopo. Hii inavutia kwa sababu ni ya bure, lakini mimi siipendi hata kidogo. Lava ina matundu na mapango ndani, na maji hupita humo bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo. Usipojua ufa unatokea wapi, huenda unatokea ziwani, karibu na wachota maji.

Kilichobaki siku za mwanzo kilikuwa kutenga uwanja wa kujisaidia: upande wa chini kutoka maji, mbali na mahema, umegawanywa vipande kwa kamba, na wahudumu wa kuwaelekeza watu waende kipande cha leo, si cha jana. Unabaki uwanja wa kinyesi, lakini angalau kinyesi kiko mahali pamoja. Bila hivyo kimetapakaa kila mahali, na mvua ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji, haisubiri.

Makaburi nayo yalikwama palepale. Mashine za wanajeshi wa Ufaransa waliokuwapo kwa operesheni ya Turquoise ndizo zilizochimba makaburi ya pamoja, maana kwa mikono yasingechimbika.

Hesabu ya maji

Wiki ya kwanza, maji safi yaliyogawiwa yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni kikombe cha chai, na si kikubwa. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya na kipindupindu anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Kiwango cha kumweka mtu hai kwa siku chache ni lita 5. Cha kuishi kwa kuoga, kupika na kunawa ni 15.

Chukua watu laki saba mara lita 5: lita milioni 3.5 kwa siku. Kwa lori la lita 10,000 ni safari 350. Mugunga iko jirani na ziwa, lakini Kibumba haina chanzo chochote cha maji na iko karibu kilomita 27 kaskazini, kwenye barabara ya Rutshuru. Katale iko mbali zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Lori likijaza, likapenya umati, likashusha na kurudi kwa saa nne, linafanya safari tatu kwa siku ya saa 12. Unahitaji malori 117, na hapo hujahesabu pancha.

Kuna jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau: pampu. Pampu ya lita 500 kwa dakika hujaza lori hilo kwa dakika 20, yaani malori matatu kwa saa, 36 kwa siku. Safari 350 zinataka pampu kama kumi zikifanya kazi bila kusimama. Ukiwa na pampu mbili ufukweni, hata ukiletewa malori mia, yatapanga foleni tu. Jeshi la Marekani lilipofika mwishoni mwa Julai na mitambo ya kusafisha maji, tatizo likawa kuyafikisha maji kambini, kwa sababu mtambo hauna magurudumu ya kwenda Kibumba.

Kambini maji hushushwa kwenye tangi la mpira lililoinuliwa juu ya jukwaa la mawe, kimo cha mita moja na nusu hivi, ili yateremke yenyewe hadi kwenye mabomba. Kwenye lava usilitandike tangi moja kwa moja. Weka mchanga au kifusi laini, juu yake turubai mbili, ndipo tangi, la sivyo ncha moja ya jiwe inamwaga lita 10,000 usiku. Mipira ya maji hapo haifukiki, kwa hiyo ipitishe pembeni mwa njia na uifunike kwa mawe, maana lori moja likikanyaga mpira, laini nzima inakauka. Hesabu watu 250 kwa bomba moja, kila bomba litoe lita 7 na nusu kwa dakika. Mtiririko ukishuka chini ya hapo, foleni inarefuka hadi watu wanaacha na kurudi kwenye dimbwi.

Halafu vyombo. Mkimbizi aliyebeba mtoto na godoro hakubeba dumu. Kila familia inahitaji angalau vyombo viwili, kimoja cha kuchotea na kimoja cha kuhifadhia, na cha kuhifadhia kiwe na mdomo mwembamba au mfuniko. Ndoo wazi huchafuka ndani ya nyumba hata kama maji yalitoka bombani yakiwa safi: mkono wa mtoto na kikombe vinaingia humo. Katika kambi ya Nyamithuthu, Malawi, mwaka 1993, ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia zilipunguza kuhara kwa watoto wadogo kwa karibu theluthi. Bei yake ni ndogo kuliko ya dripu moja.

Klorini, na tabia ya ziwa Kivu

Wakati malori yanatafutwa, watu wanakunywa ziwani. Hapo ndipo kazi ya siku ya kwanza inapotakiwa kuanza, na kwa maoni yangu ndiyo iliyodharauliwa kuliko zote, kwa sababu haina mtambo wa kupiga picha: mtu mmoja, bomba la sindano lisilo na sindano, na chupa ya klorini, amesimama kwenye kila njia inayotoka ufukweni.

Unga wa HTH wenye klorini asilimia 70 hutengenezwa mchanganyiko mama wa asilimia 1 kwa gramu 15, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, katika lita moja ya maji. Acha utulie, tumia maji ya juu, mwaga machicha. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10 za klorini. Mililita 4 katika dumu la lita 20 ni miligramu 2 kwa lita.

Usikisie kipimo. Chukua ndoo nne za lita 20 zenye maji ya siku hiyo, tia mililita 2, 4, 6 na 8, koroga, subiri, pima klorini iliyobaki. Kwa maji ya kawaida subiri dakika 30 na uchague ndoo iliyobakiwa na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Maji ya Kivu si ya kawaida. Ni ya kibesi, pH yake (kipimo cha asidi na besi) sehemu ya juu ya ziwa inakaribia 9, na klorini hupoteza nguvu huko. Kwenye pH 7, robo tatu ya klorini iko katika umbo linaloua vimelea upesi. Kwenye pH 9 ni kama asilimia 3 tu. Kifaa cha kupimia hakitakuambia hilo, kitakuonyesha rangi ileile nzuri. Kwa hiyo pH ikivuka 8, subiri dakika 60 badala ya 30, na lenga mabaki ya 0.4 hadi 1. Mwambie mchotaji asinywe njiani. Akisukuma dumu kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, hadi nyumbani, saa yenyewe huwa imeshapita.

Jema la Kivu ni kwamba maji yake ni maangavu, hayahitaji shabu. Maji ya dimbwi au ya mvua yenye tope lazima kwanza yatulizwe kwa shabu, kwa sababu tope hula klorini na vimelea hujificha ndani yake.

Sasa piga hesabu. Kilo moja ya HTH hutoa lita 66 za mchanganyiko mama, zinazotosha madumu 16,600, yaani lita 330,000. Hata ukiongeza kipimo mara mbili kwa sababu ya pH, lita milioni 3.5 zinahitaji kama kilo 21 kwa siku. Hilo ni begi moja. Haliwasaidii watu wa Kibumba wasio na ziwa, lakini kwa Mugunga na mji wenyewe wa Goma lingefika kabla ya lori la kwanza. Yanayoharibu kazi hii ni madogo: wahudumu kufika saa mbili asubuhi wakati watu wameshachota tangu saa kumi na moja alfajiri, HTH kuachwa kwenye kopo la bati, ikalila, na hatari kubwa zaidi, kuihifadhi stoo moja na mafuta ya jenereta. HTH ikigusa mafuta inawaka moto.

Dripu iliyokwenda polepole

Madaktari wa ICDDR,B, kituo cha utafiti cha Bangladesh kilicholea matibabu ya kipindupindu kwa miaka mingi, walikwenda Goma na baadaye wakaeleza kwa nini vituo vilishindwa kuokoa watu. Walitaja kurudisha maji polepole mno, kutumia maji ya mishipa yasiyofaa, kuwapa wagonjwa ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) kidogo kuliko walivyohitaji, na wahudumu wasio na uzoefu wa ugonjwa huu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji dawa mpya.

Muuguzi aliyezoea wodi ya kawaida huogopa kumjaza mgonjwa maji, hivyo huacha dripu idondoke tone moja moja. Kwa kipindupindu kikali woga huo unaua. Mgonjwa aliyelegea, macho yamezama, mapigo ya mkononi hayasikiki, anahitaji mililita 100 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa tatu. Mwenye kilo 50 ni lita 5: lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Hilo halipiti kwenye kanula (mrija wa kuingiza mshipani) nyembamba. Tumia namba 16 au 18, na mshipa mmoja usipotosha, weka mikono yote miwili. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kiasi hichohicho kwa kila kilo lakini polepole zaidi: 30 kwa saa ya kwanza, 70 kwa saa tano.

Maji yenyewe yawe Ringer, maji ya mishipa yenye chumvi na potasiamu. Ikikosekana, maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yanasaidia, ORS ikifuata mara moja mdomoni. Glukosi ya asilimia 5 peke yake haifai: haina chumvi wala potasiamu, na mgonjwa anakufa dripu ikiwa mkononi. Kwenye dharura glukosi huletwa kwa wingi kwa sababu ndiyo inayojaa maghala ya hospitali.

Mgonjwa akiweza kumeza tu, anza ORS hata dripu ikiwa bado inakwenda. Kwa aliyekaukiwa kiasi, mililita 75 kwa kilo ndani ya saa nne, kisha kikombe kila anapohara. Akitapika subiri dakika kumi, endelea kijiko kwa kijiko. Pakiti zikiisha, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vyote vimesawazishwa. Chumvi ikizidi unamdhuru, kwa hiyo afadhali ukose kwa upungufu.

Kwa mgonjwa aliyezidiwa agiza lita 8 hadi 10 za Ringer na lita 10 za ORS, na kituo kipate lita 60 za maji kwa mgonjwa kwa siku, za kunywa, kufulia na kusafisha. Kitanda kina tundu katikati na ndoo chini yenye alama za lita, kwa sababu kinachotoka ndicho kinachokuambia cha kurudisha. Klorini ya mikono ni asilimia 0.05 (gramu 7 za HTH katika lita 10), ya sakafu na vitanda 0.2 (gramu 30 katika lita 10), ya ndoo za kinyesi na maiti asilimia 2 (gramu 30 katika lita moja). Andika kila pipa kwa rangi na namba. Mhudumu aliyechoka saa tisa usiku hunawia ile ya asilimia 2.

Hata hivyo wodi nzuri isingetosha. Wengi waliokufa Goma hawakufika kituoni. Walikufa kando ya barabara na ndani ya mahema, kwa sababu mtu asiye na mapigo hatembei kilomita tatu. Vibanda vya ORS, kimoja kwa kila mtaa wa kambi, vyenye meza, pipa la lita 100 na vikombe, vikifunguliwa usiku pia, huokoa watu kabla hawajafikia hali ya kuhitaji dripu.

Baada ya kipindupindu, damu

Wimbi la kipindupindu lilishuka mwanzoni mwa Agosti. Lililofuata lilikuwa kuhara damu, Shigella dysenteriae aina ya 1, sugu kwa dawa nyingi zilizokuwapo, hata asidi ya nalidiksiki. Huu ni ugonjwa tofauti kabisa kwa mtu wa kambini. Kipindupindu kwa kawaida kinahitaji vimelea vingi mno kumshika mtu mwenye afya, kwa hiyo maji machafu ndiyo njia kuu. Shigella inatosha kwa vimelea kumi hadi mia, inahama kwa mkono na nzi. Klorini ya maji peke yake haiizuii. Panahitajika sabuni, gramu 250 kwa mtu kwa mwezi, na maji ya kutosha kuitumia. ORS nayo haimponyi mgonjwa wake, antibiotiki inayofaa ndiyo inayomponya. Siprofloksasini ilikuwapo lakini ghali, hivyo ilibidi iwekewe wagonjwa walio katika hatari zaidi: watoto, wazee, waliodhoofu. Katikati ya hayo ikazuka homa ya uti wa mgongo, ikajibiwa kwa chanjo ya umati.

Bunduki kambini

Vimelea havikujua nani askari na nani raia, ila mgawo wa chakula ulijua. Chakula kilipitia kwa viongozi walewale waliovuka na jeshi, na uchunguzi wa lishe ulikuta watoto wa kaya zinazoongozwa na wanawake wamekonda zaidi. Mtoto aliyekonda akipata Shigella hana akiba ya mwili. Kugawa kwa kaya moja kwa moja, kadi mkononi mwa mama, kulikuwa suala la tiba kama dripu ilivyo, na wenye silaha walikupinga kwa sababu idadi waliyoitangaza iliwaletea mgawo wa ziada. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini kwa kukataa kuwalisha na kuwatibu wauaji waliotawala hapo.

Kwa anayepanga kazi mpakani leo: kambi ya jeshi ihesabiwe kwenye daftari moja na raia, na choo chake kikaguliwe kwanza. Kikosi hukaa kwenye mwinuko kwa sababu za kivita, na mwinuko huo mara nyingi ndio unaotiririsha maji kwa waliopo chini.

Kipindupindu hakikuletwa Goma na wakimbizi kama kitu kigeni. Kimekuwapo kando ya maziwa ya mashariki ya Congo tangu miaka ya 1970. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, na wakazi wakarudi ufukweni na madumu. Vituo vya klorini kando ya Kivu vinafanya kazi ileile ya bomba la sindano na mililita. Anayesimamia kimoja apime pH na mabaki kila asubuhi kwa maji ya asubuhi hiyo, kisha apime tena jioni kwenye dumu lililoko nyumbani kwa mtu. Kipimo cha ufukweni kinaonyesha ulichotia. Cha nyumbani kinaonyesha wanachokunywa.